Kumtafuta Bibi Katika Madaftari ya Sensa ya Marekani

Malia na Sasha, mabinti wa Barack Obama, wana nasaba mbili zilizotunzwa kwa njia mbili tofauti kabisa. Upande wa baba, ukifika Kogelo katika kaunti ya Siaya, wazee watakutajia jina juu ya jina kwa mdomo, na utachoka wewe kuandika kabla hawajachoka wao kutaja. Upande wa mama mambo ni mengine. Mwaka 2009 mtafiti wa nasaba Megan Smolenyak, akishirikiana na gazeti la New York Times, alipanda ukoo wa Michelle Obama hadi kwa Melvinia, mtoto wa kike wa miaka 6 hivi aliyegawiwa warithi katika wosia wa mwenye mali mmoja wa South Carolina, ulioandikwa mwaka 1850. Baadaye kidogo alithaminiwa dola 475. Mtoto huyo ndiye mama wa babu wa babu yake Michelle. Bila madaftari ya sensa, hakuna ambaye angeweza kuunganisha jina lile la kwenye wosia na mke wa rais wa Marekani.

Mwongozo huu nauandika kwa msomaji mwenye watoto au wajukuu wa mchanganyiko huo: baba katoka Tanga, Mombasa au Bukavu, mama ni Mmarekani Mweusi wa Detroit au Atlanta, au kinyume chake. Mtoto akipewa kazi shuleni ya kuchora ukoo wake, upande mmoja unajaa hadi ukingoni mwa karatasi, na upande wa pili unakwama kwa bibi. Si lazima ukwame. Marekani imehesabu watu wake kila baada ya miaka 10 tangu 1790, na madaftari hayo, yenye majina ya watu, yako wazi kwa yeyote hadi yale ya mwaka 1950. Ila yana tabia zake, na asiyezijua hujikuta amepanda ukoo wa watu wengine.

Anza na walio hai

Usifungue kompyuta kwanza. Mwendee mama mkwe, shangazi wa mkeo au mzee yeyote wa ukoo aliyebaki, umwulize majina kamili ya wazazi wake pamoja na majina ya utani waliyoitwa nyumbani, mji na mtaa walioishi mnamo 1950, jimbo walikotoka kabla ya kuhamia huko, na majina ya ndugu zao wote wa tumbo moja. Swali hili la mwisho wengi hulipuuza, nalo ndilo litakalokuokoa. Akina John Williams wa Mississippi hawahesabiki. John Williams mwenye dada aitwaye Zenobia na kaka aitwaye Prince huenda akawa mmoja tu.

Sisi tumezoea jina linalobeba nasaba ndani yake, fulani bin fulani bin fulani, na mwanamke hubaki binti wa babake hata baada ya kuolewa. Jina la Kimarekani halikupi msaada huo. Jina la ukoo la mwanamke hupotea siku ya ndoa, na akiolewa mara ya pili hupotea tena. Kwa hiyo kila mwanamke unayemkuta katika ukoo mtafutie cheti cha ndoa na cheti cha kifo kabla ya kupanda juu yake. Cheti cha kifo huwa na nafasi ya majina ya wazazi wa marehemu. Wakati mwingine nafasi hiyo haikusaidii: Melvinia alipofariki mwaka 1938, jamaa aliyetoa maelezo ya cheti chake alisema hajui wazazi wake. Hata hivyo cheti ni hatua ambayo hupaswi kuiruka.

Sababu ya kuuliza habari za 1950 ni kwamba sheria ya Marekani hufunga majina ya sensa kwa miaka 72. Madaftari ya 1950 yalifunguliwa tarehe 1 Aprili 2022, na ya 1960 yatafunguliwa Aprili 2032. Kazi yako, basi, ni kumpata mtu mmoja aliyekuwa hai mwaka 1950 katika nyumba unayoijua kwa hakika, kisha kurudi nyuma sensa moja baada ya nyingine bila kuruka hata moja.

Madaftari utayaona bure katika tovuti ya FamilySearch, inayoendeshwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho kutoka Salt Lake City. Unachohitaji ni kujisajili. Yale ya 1950 yako pia bure katika tovuti ya Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Marekani. Ancestry ni ya kulipia, lakini maktaba nyingi za umma huko Marekani huwaruhusu wasomaji wao kuitumia bila malipo, kwa hiyo ulizia maktaba ya mtaani kwako kabla ya kutoa kadi ya benki.

Nani alijibu mlangoni?

Ukumbuke sensa unayoijua wewe. Tanzania mwaka 2022 karani aliuliza nani walilala katika kaya usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Mgeni aliyelala kwako alihesabiwa kwako. Marekani hawakuhesabu hivyo: karani aliuliza nani makazi yake ya kawaida yako hapa katika siku rasmi ya sensa, hata kama mwenyewe alikuwa safarini. Siku hiyo rasmi nayo ilihamahama. Kuanzia 1850 hadi 1880 ilikuwa tarehe 1 Juni, na vivyo hivyo 1900. Mwaka 1910 ikawa 15 Aprili, mwaka 1920 ikawa 1 Januari, na tangu 1930 ni 1 Aprili. Mtu aliyezaliwa Machi anaweza kuonekana amekua miaka 9 tu kati ya 1910 na 1920, na hakuna aliyekosea.

Makosa ya kweli nayo yapo tele. Karani aliandika alichosikia, na alisikia kwa sikio lake yeye. Mara nyingi alikuwa mzungu wa kaunti ileile, akiandika habari za familia nyeusi ambayo hakuona haja ya kuisumbukia sana. Kama mwenye nyumba hakuwepo, alijibu mtoto, mpangaji, au jirani wa pili. Sensa ya 1940 peke yake ndiyo inayokuambia nani alijibu, kwa alama ya X ndani ya duara kando ya jina lake. Katika sensa nyingine zote inabidi ujiulize. Umri unaoishia na 0 au 5 uushuku, kwa kuwa watu walikadiria. Mama anaweza kuwa na miaka 30 mwaka 1870, 38 mwaka 1880 na 62 mwaka 1900, naye ni yuleyule.

Rangi nayo aliiamua karani kwa jicho lake. Mtu mmoja anaweza kuandikwa B, yaani mweusi, mwaka 1900, akawa Mu, yaani chotara, mwaka 1910, kisha mwaka 1930 akaandikwa Neg, kwa sababu sensa ya 1930 iliiondoa kabisa nafasi ya chotara. Usimkatae mtu wako kwa sababu ya herufi hiyo. Wala usimkatae kwa tahajia ya jina. Utafutaji wa kompyuta umezidisha tatizo: majina ya 1950 yalisomwa kwanza na mashine kutoka kwenye mwandiko wa mkono, na mashine ilisoma mengi visivyo. Ukikosa jina, acha kutafuta kwa jina. Tafuta anwani ya nyumba, jua iko katika wilaya gani ya sensa, fungua picha za wilaya hiyo usome ukurasa kwa ukurasa. Ni kazi ya jioni moja au mbili na hufaulu pale mashine iliposhindwa.

Kurudi nyuma sensa kwa sensa

Kila sensa iliuliza maswali yake. Sensa ya 1940 iliuliza mtu aliishi wapi tarehe 1 Aprili 1935. Swali hilo lina thamani kubwa kwa Wamarekani Weusi, ambao karibu milioni 6 kati yao waliondoka majimbo ya Kusini kati ya 1910 na 1970 kwenda Chicago, Detroit, Philadelphia, New York na Los Angeles. Ukimkuta babu Chicago mwaka 1940 na jibu lake likataja kaunti ya Alabama, umeshajua pa kumtafutia mwaka 1930. Ukoo wa Michelle Obama ulipita njia hiyo: mjukuu wa mtoto wa Melvinia aliingia Chicago akitokea Birmingham.

Sensa ya 1900 ndiyo niipendayo kuliko zote. Inataja mwezi na mwaka wa kuzaliwa, miaka ambayo wanandoa wamekaa pamoja, na kwa kila mama inataja amezaa watoto wangapi na wangapi wako hai. Soma mistari hiyo polepole. Mwanamke aliyezaa 11 na kubakiwa na 6 anakueleza kwa tarakimu mbili kwamba kuna watoto 5 ambao hutawaona katika daftari lolote la baadaye. Hesabu hiyo pia hukukinga na kosa: kama mama ana watoto 3 hai na nyumbani mwake kuna 5, wawili kati yao si wa tumbo lake. Yamkini ni wa mke wa kwanza, au wajukuu, au yatima wa dada yake.

Kisha utafika kwenye shimo. Madaftari ya 1890 yaliharibika kwa moto uliozuka katika jengo la Wizara ya Biashara mjini Washington tarehe 10 Januari 1921, na mabaki yake baadaye yakateketezwa kwa idhini ya Bunge. Majina yaliyosalimika ni kama 6,000 tu kwa nchi nzima. Kilichobaki cha kukufaa ni orodha maalumu ya askari wastaafu wa jeshi la Muungano, yaani la Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na wajane wao iliyofanywa mwaka huohuo, ambayo imebaki kwa majimbo yanayoanzia Kentucky kwa mpangilio wa alfabeti hadi mwisho. Pale ambapo orodha hiyo haikusaidii, tumia vitabu vya anwani vya miji, vyeti vya ndoa na kumbukumbu za kodi kujaza miaka 20 kati ya 1880 na 1900. Ni miaka mirefu. Mtoto wa miaka 2 wa 1880 anakutokea 1900 akiwa mume wa mtu katika nyumba nyingine, na binti akiwa na jina jingine.

Sensa ya 1880 ndiyo ya kwanza kusema kila mtu ana uhusiano gani na mkuu wa kaya, na inataja jimbo alikozaliwa baba na mama wa kila mtu. Ile ya 1870 haisemi uhusiano. Utaona mwanamume, mwanamke na watoto 5 chini yao, wote jina moja la ukoo, na moyo utakuambia ni mume, mke na watoto. Subiri. Anaweza kuwa kaka na dada. Linganisha na 1880 kwanza.

Na kabla ya kusema mtu hayupo, hakikisha kaunti ilikuwepo. Kaunti ya Clay huko Mississippi iliundwa mwaka 1871, kwa hiyo wakazi wake wa 1870 utawakuta katika kaunti za jirani. Kaunti ya Clayton huko Georgia, ambako Melvinia aliishi, iliundwa mwaka 1858. Watu walikaa palepale, mipaka ndiyo iliyowapita.

Majirani

Katika 1870 punguza haraka. Sensa hiyo ndiyo ya kwanza ya taifa kuwaandika kwa majina watu waliotoka utumwani. Miaka 10 kabla yake, sensa ya 1860 ilihesabu watumwa 3,953,760, na karibu hakuna hata mmoja wao aliyeandikwa jina. Ndiyo maana watafiti wa nasaba za Wamarekani Weusi huuita mwaka 1870 ukuta. Wengi hufika hapo wakasimama, na wengine huruka upande wa pili bila kuangalia wanatua wapi.

Kinachosaidia ni kusoma majirani. Karani alipita nyumba kwa nyumba na kuzipa namba kwa mpangilio wa mwendo wake, kwa hiyo walioandikwa karibu kwenye daftari kwa kawaida walikaa karibu ardhini. Nakili nyumba 10 kabla ya yako na 10 baada yake, weupe kwa weusi. Tazama nani ana ardhi yenye thamani kubwa, nani ana jina la ukoo kama la mtu wako, nani amezaliwa jimbo lilelile la mbali alilozaliwa bibi yako. Ikiwa familia 3 za weusi katika njia moja ya Georgia zote zina wazee waliozaliwa Virginia, kuna uwezekano kwamba waliletwa pamoja.

Rudi kwa Melvinia. Mwaka 1870 alikuwa mwanamke huru, kibarua wa shamba, na watoto wake 4. Watatu kati yao karani aliwaandika kuwa chotara. Shamba la jirani lilikuwa la Charles Shields, mtoto wa kiume wa Henry Shields aliyekuwa amemmiliki Melvinia. Majibu hayo yalikuwa yamekaa katika daftari kwa zaidi ya miaka 130. Baadaye mwandishi wa habari Rachel Swarns, katika kitabu chake cha 2012, alieleza jinsi vipimo vya vinasaba vya wazao wa pande zote mbili vilivyoelekeza kwa Charles kuwa baba wa Dolphus, mtoto wa kwanza wa Melvinia. Familia haikuwa ikilisimulia jambo hilo. Ukiingia katika kazi hii na mkeo au mumeo, zungumzeni mapema kuhusu uwezekano wa kukuta jambo kama hili, na mwachieni mzee wa ukoo uamuzi wa lini watoto waambiwe.

Kuvuka ukuta

Kwanza, usidhani kila Mweusi alikuwa mtumwa. Kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, takriban mmoja kati ya 10 alikuwa huru, na watu huru wote waliandikwa kwa majina katika sensa za 1850 na 1860. Tafuta humo kabla ya mahali pengine popote.

Usipompata, fungua madaftari ya watumwa ya miaka hiyo miwili. Jiandae. Utaona jina la mmiliki, na chini yake mistari mitupu isiyo na majina: umri, jinsia, rangi, na safu za waliotoroka na walioachwa huru. Mwaka 1860 kuna pia safu ya idadi ya nyumba za watumwa. Watafiti huchukua umri wa familia ya 1870, hupunguza miaka 10, kisha hutafuta kundi la kufanana chini ya mmiliki mwenye jina linalokaribiana. Njia hiyo inaweza kukupa dalili, lakini haithibitishi kitu. Watumwa mara nyingi walipangwa kwa umri wala si kwa familia, na mtoto wa miaka 6 katika shamba moja angeweza kuwa na mama katika shamba jingine. Na walioachwa huru hawakuchukua daima jina la mmiliki wa mwisho. Wengine walibeba jina la mmiliki wa zamani, jina la baba aliyeuzwa mbali, au jina walilojichagulia. Mtafiti anayekimbilia mmiliki mwenye jina linalolingana hukosea mara nyingi kuliko anavyodhani.

Kwa hiyo dalili ya sensa lazima ikutane na waraka wa namna nyingine. Madaftari ya vifo yaliyofuatana na sensa za 1850 na 1860 yaliorodhesha waliofariki katika miezi 12 iliyotangulia, na watumwa wamo, mara nyingine kwa jina lao la kwanza. Idara ya Waliokombolewa, iliyoundwa na Bunge mwaka 1865 na kufungwa 1872, iliacha mikataba ya kazi, hati za ndoa, orodha za posho na malalamiko ya watu waliodhulumiwa ujira. Benki ya akiba ya waliokombolewa, ya 1865 hadi 1874, iliwauliza wateja wake majina ya wazazi, mke au mume, watoto na ndugu. Baadhi ya fomu zake ziliuliza pia jina la bwana wa zamani. Mtu aliyefungua akaunti Vicksburg au Charleston huenda alitaja kaka aliyeuzwa Texas na hakumwona tena. Hakuna karatasi ya sensa inayoweza kukupa habari kama hiyo. Na kama babu alikuwa miongoni mwa karibu askari Weusi 179,000 wa jeshi la Muungano, faili lake la pensheni, au la mjane wake, linaweza kuwa na ushahidi wa majirani waliomjua tangu utumwani.

Juu ya hizo zote ziko nyaraka za mmiliki mwenyewe: wosia, orodha ya mali ya marehemu, hati za mauziano na za rehani. Humo watu waliandikwa kwa majina kwa sababu walikuwa mali, na inauma kusoma jina la bibi yako kati ya gurudumu la kusokotea na ng'ombe. Lakini ndimo Melvinia alimopatikana. Nyaraka hizi ziko katika mahakama za kaunti na hifadhi za majimbo, na picha nyingi zimo FamilySearch. Tangu 2024 tovuti hiyo ina njia ya kutafuta neno lolote ndani ya hati za ardhi na mirathi zilizoandikwa kwa mkono, hata zile ambazo hakuna aliyeziorodhesha majina. Andika jina la kwanza la mtu wako pamoja na jina la ukoo la mmiliki unayemshuku, chagua kaunti, weka miaka 1840 hadi 1865. Ukipata kitu, soma hati nzima hadi sahihi za mashahidi, kisha tafuta hati ya kila mrithi aliyetajwa, maana mtumwa aliyegawiwa binti aliyeolewa Georgia hatapatikana tena South Carolina.

Katika karatasi ya ukoo unayomtengenezea mtoto, andika kando ya kila jina limetoka wapi: mwaka wa sensa, kaunti, ukurasa. Lile lililothibitishwa na waraka zaidi ya mmoja liandike kwa wino. Lile lenye dalili tu liandike kwa penseli, pamoja na sababu ya kulishuku, na uache nafasi juu yake.